Masega ya Motokaa na Kuzeeka Kwake

Wale mliosikiliza redioni mtayakuta hapa maneno yale yale, yamepigwa chapa ili myasome polepole, tena na tena. Na wale ambao hamkupata kusikiliza, msihuzunike. Fungueni madaftari yenu, tusome pamoja.

Mara nyingi tukisikia neno "historia" twafikiri habari za wafalme, vita na mikataba. Lakini vyombo navyo vina historia. Jembe lina historia yake, taa ina historia yake, hata sindano ya kushonea ina historia yake. Leo tutasoma historia ya chombo kimoja kilichofichwa chini ya motokaa, katika bomba la kutolea moshi. Mafundi wengi hukiita "masega", kwa sababu ukikikata na kukitazama ndani utaona vijitundu vingi vilivyopangwa kama sega la nyuki. Kazi ya masega ni kuusafisha moshi kabla haujatoka nje.

Swali la somo letu ni hili: chombo hiki kilifanywaje kiweze kudumu? Maana kutengeneza chombo kinachofanya kazi siku ya kwanza ni jambo moja, na kutengeneza chombo kitakachofanya kazi baada ya miaka 10 ni jambo jingine kabisa.

1. Moshi wa Los Angeles

Mwezi wa Julai mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu wa mji wa Los Angeles huko California, Marekani, waliona mji wao umefunikwa na ukungu mzito. Macho yaliwachoma na koo ziliwawasha. Kwa kuwa ulikuwa wakati wa vita, wako waliodhani adui amewatupia gesi ya sumu. Wengine walikilaumu kiwanda kimoja kilichokuwa kikitengeneza kitu cha kufanyia mpira. Kiwanda kikafungwa kwa muda, lakini ukungu ulirudi vile vile.

Aliyeipata sababu ni Bwana Arie Haagen-Smit, mtaalamu aliyezaliwa Uholanzi, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha California Institute of Technology. Kazi yake ilikuwa kuchunguza harufu na ladha za mimea, hata harufu ya nanasi. Akaitumia elimu ile ile kuchunguza hewa ya mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kwamba ukungu ule ulitokana na mvuke wa petroli isiyoungua sawasawa, pamoja na gesi nyingine za moshi, vikipigwa na jua kali. Jua lilivigeuza vikawa sumu mpya, iliyochoma macho na kupasua hata mpira wa matairi. Na sehemu kubwa ya moshi ule ilitoka katika motokaa.

Andikeni haya, maana tutayahitaji mbele. Katika moshi wa petroli mna maadui watatu. Wa kwanza ni gesi ya kaboni monoksidi. Hii mwaijua, ingawa pengine hamkulijua jina lake: ndiyo iuayo watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Wa pili ni petroli ambayo haikuungua. Wa tatu ni oksidi za naitrojeni, yaani gesi zinazotokea hewa inapochemka sana ndani ya injini.

2. Mshenga asiyeoa

Njia ya kuwashinda maadui hao ni kutumia kitu kiitwacho kichocheo. Kichocheo ni nini? Fikirini kazi ya mshenga. Mshenga huenda kwa wazazi wa binti, husema maneno, hupatanisha pande mbili mpaka ndoa ikafungwa. Lakini yeye mwenyewe haoi. Ndoa ikiisha kufungwa, hurudi kwake vile vile alivyokuja, tayari kwenda kuposa mahali pengine. Kichocheo nacho ndivyo kilivyo. Huzikutanisha gesi mbili, huzifanya ziungane upesi, nacho hubaki kama kilivyokuwa. Madini ya platinamu ni mshenga hodari sana wa gesi.

Mtu wa kwanza kulitia bidii kubwa jambo hili kwa ajili ya motokaa ni Bwana Eugene Houdry, mhandisi Mfaransa aliyehamia Marekani. Alikuwa amekwisha pata sifa kwa kutumia vichocheo kutengeneza petroli nyingi kutoka mafuta ghafi. Alipoona moshi wa miji unavyozidi, aligeukia kazi ya kuusafisha, na mwaka 1956 akapewa hati ya serikali ya Marekani ya kulinda uvumbuzi wake wa chombo cha kusafisha moshi wa motokaa.

Lakini chombo hicho hakikufaa kwa motokaa za kawaida. Kwa nini? Kwa sababu ya risasi. Sisemi risasi ya bunduki, bali madini yale mazito ambayo wavuvi hufanyia chubwi. Mwaka 1921 Bwana Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors aligundua kwamba dawa yenye risasi ikitiwa katika petroli, injini haigongi. Petroli hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1923, na baadaye ikaenea dunia nzima. Basi, risasi ilipotoka pamoja na moshi, iliifunika platinamu kama masizi yanavyofunika sufuria. Mshenga akafungwa mdomo. Kichocheo kilichokuwa kizima kilikufa baada ya safari chache tu.

Huyu ndiye adui wa kwanza wa uzima wa masega. Tutaona ya kuwa wako wengine.

3. Sheria iliyopima uzee

Wahenga walisema: Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kitu kikiwa kipya hupendeza, hata kama ni kibaya. Watunga sheria wa Marekani walikuwa kama wanaoijua methali hii. Tarehe 31 Desemba 1970 ilitiwa sahihi sheria ya hewa safi. Ilitaka motokaa mpya za mwaka 1975 zipunguze kaboni monoksidi na petroli isiyoungua kwa sehemu 90 katika kila 100, zikilinganishwa na motokaa za mwaka 1970. Tena sheria haikuridhika na upya. Ilitaka usafi huo udumu kwa miaka 5 au maili 50,000, yaani kilometa 80,000 hivi.

Tazameni uzito wa maneno hayo. Kama sheria ingetaka motokaa iwe safi inapotoka kiwandani tu, kazi ingekuwa nyepesi. Lakini motokaa haitoki kiwandani ikaingia makumbusho. Huuzwa, hutumiwa, huuzwa tena, na mapafu ya watu huvuta moshi wake siku zote, si siku ya kwanza tu. Kwa hiyo watengenezaji walilazimishwa kupigana na uzee wenyewe. Walilalamika kwamba muda ni mfupi, wakaongezewa nafasi kidogo, lakini motokaa nyingi za Marekani za mwaka 1975 zilitoka na masega.

Ili masega yapone, risasi ilibidi iondoke. Tangu Julai 1974 vituo vikubwa vya petroli vya Marekani vililazimishwa kuuza petroli isiyo na risasi. Hapo likatokea jema kubwa kuliko lile lililotafutwa. Kati ya mwaka 1976 na 1980 kiasi cha risasi katika damu ya Wamarekani kilipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Kwa hiyo watoto wengi walipona, hata wale ambao wazazi wao hawakuwa na motokaa. Petroli isiyo na risasi iliyotiwa ili kulinda masega ikawa ulinzi wa damu ya watu.

Sasa tuyaone masega yenyewe. Ukikata muhogo vipande vidogo hukauka upesi kuliko mzima, kwa kuwa jua hupata pengi pa kugusa. Vivyo hivyo, kichocheo hufanya kazi kwa uso wake tu. Platinamu iliyo ndani ya tonge haifanyi kazi, maana gesi haiifikii. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Corning ilitengeneza udongo wa kauri wenye vijitundu vyembamba kama sega. Katika masega ya kawaida mna vijitundu 60 hivi kwa kila sentimita mraba moja. Kuta za vijitundu hivyo hupakwa unga uitwao alumina. Unga huu una mianya midogo sana kama sifongo, hata gramu moja yake, kama ingekunjuliwa, ingeweza kutandaza zaidi ya mita mraba 100. Juu ya alumina ndipo hutawanywa platinamu, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Motokaa nzima hutosheka na gramu chache tu.

Hapa tupumzike kidogo. Kiongozi wa kikundi awaulize wenziwe: Kwa nini kichocheo husagwa kikawa chembe ndogo? Mkiisha kujibu, endeleeni.

4. Udongo uliosahauliwa

Sasa turudi nyuma zaidi ya miaka 200, twende Sweden, nchi ya baridi kaskazini mwa Ulaya. Mahali paitwapo Bastnäs palikuwa na jiwe zito ambalo halikujulikana ni la namna gani. Mwaka 1803 Bwana Jöns Jacob Berzelius na Bwana Wilhelm Hisinger waligundua ndani yake udongo mpya. Mwaka huo huo, Bwana Martin Klaproth wa Ujerumani aliugundua pia kwa njia yake. Madini yaliyomo yakaitwa seriamu, kwa jina la Ceres, gimba la angani lililogunduliwa mwaka 1801. Mwaka 1839 Bwana Carl Gustaf Mosander alipata katika udongo ule madini mengine, akayaita lanthanamu, yaani "yaliyojificha".

Haya na ndugu zake huitwa madini ya udongo adimu. Jina hili lisiwadanganye. Seriamu si adimu sana. Kwa wingi ardhini inakaribia shaba. Kilicho kigumu ni kuyatenga madini haya, kwa sababu yamefanana sana na hukaa pamoja kama watoto wa tumbo moja.

Kwa muda mrefu hayakuwa na kazi kubwa. Aliyeyatoa gizani ni Bwana Carl Auer von Welsbach wa Austria. Mnamo mwaka 1891 alifaulu kutengeneza kile kifuko cheupe cha taa ambacho kikipata moto hutoa mwanga mkali. Ndicho kilichotumika katika taa za karabai, zile zilizokuwa zikiwaka harusini na madukani kabla ya umeme. Kifuko hicho kilikuwa na sehemu 99 za oksidi ya thoriamu na sehemu 1 ya oksidi ya seriamu. Tena mwaka 1903 aliyachanganya madini haya na chuma, akapata kijiwe kinachotoa cheche kikikwaruzwa, ndicho kijiwe cha kiberiti cha petroli. Basi wazee wetu waliitumia seriamu kila siku, ingawa hawakuijua kwa jina.

Zingatieni jambo moja kuhusu seriamu, maana ndiyo siri ya somo letu. Oksidi ya seriamu inaweza kuachia sehemu ya oksijeni yake bila kuvunjika, na ikipata hewa tena, huichukua ile oksijeni ikarudi kama ilivyokuwa. Huachia na kuchukua, huachia na kuchukua. Madini mengi hayana tabia hii ya urahisi.

5. Ghala la oksijeni

Masega ya mwaka 1975 yaliwashinda maadui wawili tu, kaboni monoksidi na petroli isiyoungua. Hawa huhitaji kuongezewa oksijeni. Lakini adui wa tatu, oksidi za naitrojeni, ni kinyume chake: huyu huhitaji kunyang'anywa oksijeni. Mtafanyaje kumpa mmoja na kumnyang'anya mwingine katika chombo kimoja, kwa wakati mmoja?

Wataalamu wa kampuni ya Engelhard, Bwana John Mooney na Bwana Carl Keith, walionyesha kwamba inawezekana, mradi hewa na petroli vipimwe sawasawa kabisa: kilo 14.7 hivi za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli. Hapo oksijeni anayonyang'anywa adui wa tatu hutosha kuwachoma wale wawili. Kazi ya kumnyang'anya ilipewa madini ya rodiamu, ndugu ya platinamu. Kampuni ya Volvo iliuza California motokaa za kwanza za namna hii, toleo la mwaka 1977, zikiwa na kidude katika bomba la moshi cha kupima oksijeni.

Lakini kipimo hakikai pale pale. Dereva hukanyaga mafuta, huachia, hupanda mlima, husimama. Kidude kikiona hewa imezidi, injini huongezewa petroli; kikiona petroli imezidi, hupunguzwa. Kwa hiyo kipimo huyumba huku na huku, mara moja hivi kila sekunde, kama mtu aliyejitwika mtungi wa maji. Kila kinapoyumba, adui mmoja hupata mwanya wa kutoroka.

Hapo ndipo seriamu iliposhika kazi. Mwaka 1976 watafiti wa kampuni ya Ford, akiwamo Bwana Haren Gandhi aliyezaliwa India, walieleza umuhimu wa kuweka akiba ya oksijeni ndani ya kichocheo chenyewe. Oksidi ya seriamu ikatiwa katika ule unga wa alumina. Hewa ikizidi, seriamu huweka oksijeni ghalani. Hewa ikipungua, huitoa akiba ile, kaboni monoksidi ikaungua. Mkulima mwenye ghala haogopi miezi michache ya ukame. Masega yenye seriamu hayaogopi kuyumba kwa injini.

6. Ghala nalo huzeeka

Ndugu zangu, kama hadithi ingeishia hapa ingekuwa tamu. Lakini ghala lenyewe lilianza kubomoka.

Mwajua chumvi ikiachwa mahali penye unyevu. Chembe zake hushikamana, mwisho huwa bonge moja. Chumvi haikupungua uzito, lakini hainyunyiziki tena. Ndivyo moto unavyofanya ndani ya masega. Moshi unaotoka katika injini iliyokazwa waweza kufika joto la digrii 900 na zaidi. Chembe za platinamu hutembea, hukutana, huungana zikawa tonge. Mianya ya alumina husinyaa. Na chembe za seriamu nazo hukua zikapoteza uso wake. Kwa seriamu peke yake, oksijeni inayotoka upesi ni ile iliyo karibu na uso; uso ukipotea, akiba imefungiwa ndani na ufunguo umetupwa. Masega yangali na seriamu ile ile, gramu zile zile, lakini ghala halifunguki.

Wataalamu walijibu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni lanthanamu, ile "iliyojificha". Kiasi kidogo cha lanthanamu kikitiwa katika alumina, mianya haisinyai upesi, kama vile boriti chache zinavyozuia dari lisiporomoke.

Njia ya pili ndiyo iliyoleta mageuzi makubwa. Katika miaka ya 1990 ilienea desturi ya kuichanganya seriamu na madini mengine yaitwayo zirikoniamu. Haya si ya udongo adimu. Chembe yake ni ndogo kuliko ya seriamu, na ikikaa katikati yake hupalegeza mahali pale, oksijeni ikaweza kupita hata kutoka ndani, si juu ya uso peke yake. Tena mchanganyiko huo hauvimbi kuwa matonge upesi kama seriamu tupu. Sasa hata chembe zikikua kidogo, akiba yaweza kutoka. Ghala likapata milango mingi.

Wala si bahati kwamba haya yalitokea wakati ule. Mwaka 1990 sheria ya Marekani ilirekebishwa, ikataka motokaa ndogo zidumishe usafi wa moshi kwa miaka 10 au maili 100,000, yaani kilometa 160,000 hivi. Muda wa uzee uliongezwa mara mbili, na wataalamu wakaongeza maarifa. Hapa twajifunza jambo la historia: mara nyingi uvumbuzi hufuata sheria nzuri, kama maji yafuatavyo mfereji.

Mwaka 2002 watafiti wa Kijapani, wakiwamo wa kampuni ya Daihatsu, walitangaza njia nyingine. Waliiweka paladiamu, ambayo ni ndugu mwingine wa platinamu, ndani ya fuwele yenye lanthanamu na chuma. Hewa ikizidi, paladiamu huingia ndani ya fuwele. Hewa ikipungua, hutoka nje. Kwa kuingia na kutoka hivyo haipati nafasi ya kukaa na kuungana kuwa tonge.

Hata hivyo uzee hauna dawa kamili. Mbali na moto, iko sumu. Mafuta ya kulainisha injini yana fosforasi. Injini iliyochakaa ikila mafuta, fosforasi huingia katika masega, huishika seriamu, ikafanya nayo kitu kigumu kisichoachia tena oksijeni. Salfa iliyo katika petroli nayo hudhoofisha.

7. Shahidi wa uzee

Mtu atajuaje kuwa masega yake yamezeeka? Hayaonekani. Hapa seriamu ilifanya kazi nyingine tena, kazi ya ushahidi. Tangu motokaa za Marekani za mwaka 1996, huwekwa vidude viwili vya kupima oksijeni: kimoja mbele ya masega na kimoja nyuma yake. Masega yakiwa mazima, ghala humeza ule mpando na mshuko wa oksijeni, kidude cha nyuma kikaona hali ya utulivu. Ghala likibomoka, kidude cha nyuma huanza kuyumba sawasawa na kile cha mbele. Hapo taa ya injini huwaka mbele ya dereva. Kwa hiyo taa ile, dereva anayoiona kama usumbufu, mara nyingine husema hivi: "Seriamu yako imechoka."

8. Na kwetu je?

Huenda mtauliza, habari hizi za Marekani na Japani zatuhusu nini? Zatuhusu sana. Motokaa nyingi za Afrika ya Mashariki huletwa kutoka Japani zikiwa zimekwisha tumika. Kenya hairuhusu kuingiza motokaa iliyopita miaka 8 tangu kuandikishwa mara ya kwanza. Lakini hata motokaa ya miaka 7 imekwisha choma sehemu kubwa ya maisha ya masega yake. Wengine hupata ujana wa masega. Sisi hupokea uzee wake. Basi swali la kudumu kwa masega ni swali letu kuliko la mtu anunuaye motokaa mpya.

Kwa miaka mingi yalipofika kwetu yaliuawa mara moja, maana petroli yetu ilikuwa na risasi. Mwaka 2001 wajumbe wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegal, wakakubaliana kuiondoa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake ni Nairobi, lilisaidia kazi hiyo. Ilipofika Januari 2006 nchi za eneo hilo zilikuwa zimeacha kutengeneza na kuagiza petroli ya risasi. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa motokaa ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Tena tangu Januari 2015 Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilipatana kutumia dizeli yenye salfa kidogo.

Liko jambo jingine linalotugusa. Jiwe la udongo adimu liitwalo bastnesaiti limepata jina kwa mahali pale Bastnäs, Sweden. Jiwe hilo lipo pia Burundi, mahali paitwapo Gakara, karibu na Bujumbura. Lilichimbwa huko tangu mwaka 1948 hadi mwaka 1978. Mwaka 2017 uchimbaji ulianza tena, na mwaka 2021 serikali ikausimamisha, ikitaka nchi ipate faida iliyo haki. Ardhi yetu nayo imo katika historia hii.

Sasa tuseme yale ya nyumbani. Masega yakizeeka sana huweza kuziba, na injini hukosa nguvu. Fundi huyatoa au huyatoboa, motokaa hukimbia tena, mwenye motokaa akafurahi. Twaelewa furaha yake. Masega mapya ni ghali, na njaa ya nyumbani haingoji. Lakini tuhesabu pande zote. Tangu siku ile maadui wote watatu hutoka bila mlinzi. Hawaendi mbali. Hubaki kituoni wanapongoja abiria, kando ya barabara wanapouza mama wa matunda, na mbele ya shule watoto wanapovuka. Na yule dereva aketiye katika foleni nyuma ya motokaa ya mwenziwe huvuta moshi wa mwenziwe, kama mwenziwe avutavyo wake.

Tena iko biashara. Wako wanaoyanunua masega ya zamani, na wako wanaoyaiba usiku chini ya motokaa za watu. Wanachotafuta ni platinamu, paladiamu na rodiamu. Seriamu haina bei kubwa. Yanapoyeyushwa huachwa katika takataka za tanuru. Mtunza ghala aliyefanya kazi miaka yote hatajwi wakati wa kugawana mali.

Basi afanyeje mtu mwenye motokaa kuukuu? Kwanza, injini ikikosakosa kuwaka, aitengeneze upesi, maana petroli isiyoungua huenda kuungulia ndani ya masega na kuyayeyusha. Pili, injini ikila mafuta, asizoee kuongeza tu, atafute sababu. Tatu, taa ya injini ikiwaka, asiizibe kwa karatasi. Nne, asikubali masega yatobolewe kabla fundi hajapima na kuthibitisha kuwa yameziba; na yakivunjwa, vumbi lake lisivutwe. Hizi si gharama kubwa zikifanywa mapema.

Tumeona, ndugu wanafunzi, kwamba masega hayakuvumbuliwa siku moja na mtu mmoja. Mmoja alianzia harufu ya nanasi, mwingine taa, mwingine petroli. Kila walipomshinda adui mmoja wa uzima wake, wa pili alitokea: risasi, kisha kuyumba kwa injini, kisha moto. Na kila mara kilichowasukuma mbele kilikuwa swali lile lile moja: je, kitafanya kazi bado kikiwa kizee? Mkinunua chombo chochote, au serikali yenu ikiwanunulia, ulizeni swali hilo.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Eleza kwa maneno yako kichocheo ni nini. Tafuta mfano mwingine usio wa mshenga.
2. Kwa nini risasi iliondolewa katika petroli ya Marekani, na ni faida gani nyingine iliyopatikana?
3. Seriamu hufanya kazi gani ndani ya masega? Moto huidhuru vipi, na zirikoniamu huisaidia vipi?
4. Kikundi kigawanyike pande mbili. Upande mmoja useme kwa niaba ya dereva ambaye masega yake yameziba na hana fedha; upande wa pili useme kwa niaba ya mama auzaye matunda kituoni. Mwisho tafuteni shauri litakalowafaa wote wawili.